Nyoka wa mwanangu alipogoma kula

Mpenzi msomaji, kama wewe ni miongoni mwa wale ambao wakisikia neno nyoka huinua miguu juu ya kiti, basi sogea karibu tuketi pamoja, kwani mimi ni mwenzako. Nilizaliwa na kulelewa Mwingi, na huko kwetu nyoka si hadithi ya kuwatisha watoto. Mjomba wangu aliumwa na kifutu jioni moja akirudisha mbuzi zizini, na hadi leo anatembea kwa mguu mmoja na gongo. Tangu utotoni niliapa kwamba mimi na nyoka hatutalala chini ya paa moja hata kwa siku moja.

Lakini wahenga walitukanya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Leo hii ninapokuandikia, nyoka yumo sebuleni mwangu ndani ya sanduku la kioo, na ni mimi niliyemnunua kwa pesa zangu mwenyewe. Tena kuna usiku mmoja nilimlilia nyoka huyo kama ninavyoweza kumlilia mtu. Tulia nikusimulie.

Mwaka 2021 nilipata kazi ya uuguzi katika makao ya wazee mjini Leicester, Uingereza. Nilikwenda na kitinda mimba wangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka 12. Baba yake alibaki nyumbani na kazi yake ya ualimu. Kule Mwingi mtoto huyu alikuwa kasuku. Alikuwa akizungumza tangu alfajiri hadi usingizi umzibe mdomo. Tulipofika ughaibuni, maneno yalimwisha. Nikimuuliza habari za shule, jibu ni moja tu: "Poa." Nikimuuliza kama amepata marafiki: "Poa." Akishaingia chumbani mwake na kufunga mlango, sikumwona tena hadi chakula cha jioni.

Mwaka uliofuata, alipokaribia kutimiza miaka 13, nilimuuliza anataka zawadi gani. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi macho yake yaling'aa.

"Mama, nataka nyoka wa mahindi."

Nilidhani ni kikaragosi, au labda mdudu fulani alaye mahindi. La hasha! Alikuwa nyoka kamili, mwenye kichwa na mkia. Wamarekani walimpa jina hilo, na inasemekana ni kwa sababu mabaka ya tumboni mwake yanafanana na punje za mahindi ya rangi rangi, au kwa sababu alizoea kuonekana karibu na maghala akiwinda panya. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, ni mpole, na katika nchi za Ulaya na Marekani watu humfuga kama sisi tunavyofuga paka.

Nilikataa. Nikakataa tena. Kisha nikatafakari: huyu mtoto hajaniomba kitu tangu tulipofika hapa. Nami nilikuwa na hamu ya kumsikia akizungumza, hata kama ni kuhusu nyoka.

Jina langu kwenye karatasi

Oktoba 2022 tukaenda katika duka la wanyama. Huko nilipata kujua kwamba kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 kuhusu ustawi wa wanyama, mtu aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuuziwa mnyama. Mnunuzi ni lazima awe ametimiza umri huo, na kwa mnyama wa mtoto ambaye hajautimiza, mwenye kuwajibika mbele ya sheria ni mzazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayefuga ampe mnyama wake chakula kinachomfaa na mahali panapomfaa kuishi. Basi mimi, binti wa Mwingi, nikatia sahihi.

Nyoka mwenyewe alikuwa mwembamba kama kalamu ya risasi, urefu wake kama rula ya shule. Alikuwa na rangi ya machungwa na mabaka mekundu, uzito wake gramu saba. Alikuwa amejikunja kikiki katika pembe ya kisanduku. Mwanangu akamtazama, akacheka, akampa jina la Chapati.

Muuza duka alituambia tayari amekula. Hatukuuliza amekula mara ngapi, wala hatukuomba kumwona akila. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Nyoka mchanga huanza kula baada ya kujivua gamba kwa mara ya kwanza, yapata wiki moja au siku kumi tangu aanguliwe. Wapo wanaoanza mara moja, na wapo wanaogoma. Mnunuzi mwerevu huchukua yule ambaye amekwisha kula mara kadhaa bila matata.

Chakula chake, msomaji wangu, ni vitoto vya panya visivyoota manyoya. Katika biashara hiyo huitwa pinki kwa sababu ya rangi yao. Huuzwa vikiwa vimekufa na kugandishwa. Nilitenga droo ya chini kabisa ya friza, nikavifunga ndani ya mifuko mitatu, nikavitenga mbali na nyama yetu na mboga zetu. Hata hivyo, kwa mwezi mzima sikuwa na hamu ya kufungua friza ile.

Nyoka mchanga wa aina hii hulishwa pinki mmoja kila baada ya siku tano hadi saba. Kazi yenyewe ni rahisi: unamyeyusha pinki polepole, kisha unamtia katika maji ya moto kiasi hadi apate joto kama la panya aliye hai, unamkausha, na unampa nyoka kwa koleo ndogo. Usimtie kamwe katika ile oveni ya kupashia chakula, kwani hupasuka na huiva nje huku ndani akiwa barafu.

Tukampa. Chapati akageuza kichwa.

Wiki ya pili, akakimbilia chini ya kigome cha mti. Wiki ya tatu, pinki alikaa usiku kucha na asubuhi alikuwa papo hapo, tena ananuka.

Mbinu moja baada ya nyingine

Mwanangu hakukata tamaa. Aliazima vitabu maktabani, akaandika daftari zima. Jioni alinisomea mezani, nami nikasahau hofu yangu kwa kuwa mtoto alikuwa anazungumza. Nilijifunza mambo ambayo sikuwahi kuyawaza. Je, wajua kwamba nyoka hunusa kwa ulimi? Ule ulimi wenye panda anaoutoa na kuuingiza si wa kukutisha. Anachota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu kinywani. Chakula kisichonukia sawasawa, kwake si chakula.

Tukagundua makosa yetu. Nyoka akifika nyumba mpya aachwe siku tano hadi saba bila kushikwa. Mwanangu alikuwa akimshika tangu siku ya kwanza. Tukaacha kumshika. Kisha nyoka mdogo hupenda kufichika. Ukimweka mahali peupe na papana anajiona ni windo la mwewe, na mwenye hofu hana njaa. Tukamwongezea majani ya bandia na maficho mawili.

Tukajaribu kumwosha pinki kwa maji ili harufu ya mikono yetu iondoke. Akakataa. Tukamtia Chapati pamoja na pinki ndani ya kibakuli cha plastiki chenye matundu ya hewa, tukakifunika na kukiacha usiku kucha mahali penye giza, mbinu ambayo wafugaji wengi huisifu. Akakataa. Ipo mbinu nyingine ya kutoboa kichwa cha pinki ili harufu ya ubongo itoke. Mwanangu aliifanya kwa sindano huku mimi nimegeukia ukutani. Chapati akaunusa ubongo ule, akaenda zake kulala.

Mizani ya jikoni ikasema gramu sita.

Wapo wanaomfungua nyoka kinywa na kumsukumia chakula. Vitabu vyote vilionya kwamba hiyo ni njia ya mwisho, nayo si ya mtu asiyefunzwa, kwani unaweza kumjeruhi koo na kumwongezea hofu ya chakula maisha yake yote. Hilo halikunishangaza. Kazini kwangu wapo wazee wanaofumba midomo kijiko kikikaribia. Muuguzi mgeni hudhani ni ukaidi, akataka kuwasukumia. Ukifanya hivyo, chakula huingia njia ya hewa. Nilikuwa na mzee mmoja aliyekataa uji wiki nzima. Siku moja nikamgeuza kiti akatazama bustani, nikamwekea mkate mkononi ale mwenyewe, nikaondoka. Niliporudi, sahani ilikuwa tupu. Kumbe alichokikataa ni kulishwa kama mtoto mbele za watu, wala si chakula.

Nilimsimulia mwanangu kisa hicho. Akaniuliza, "Sasa Mama, Chapati anakataa nini?"

Sikuwa na jibu. Afadhali niseme ukweli, jibu nilikuwa nalo, ila sikujua kwamba ninalo.

Waya niliouchomoa

Mwaka huo wa 2022 bei ya umeme na gesi ilipanda mno nchini Uingereza. Nilikuwa nikipokea bili na kuiweka kifudifudi mezani. Nilikuwa natuma pesa nyumbani, nalipa kodi ya nyumba, na kila senti niliihesabu. Jambo moja tu lilinipa nafuu: pesa nilizoweka shuleni kwa ajili ya chakula cha mchana cha mwanangu zilikuwa haziishi upesi. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto asiye na matumizi makubwa.

Kila usiku kabla ya kulala nilizunguka nyumba nikichomoa nyaya: televisheni, birika, redio. Na chini ya sanduku la Chapati kulikuwa na mkeka mdogo wa kupasha joto. Nao niliuchomoa. Nilijiambia ninaokoa pesa na ninaepusha moto. Alfajiri, kabla mtoto hajaamka, nikauchomeka tena. Sikumwambia, kwa kuwa niliona ni jambo dogo.

Jioni moja mwanangu alirudi na kipimajoto alichokinunua kwa akiba yake. Kilikuwa cha aina ile inayohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha joto. Kesho yake asubuhi alinijia jikoni akiwa na daftari.

"Mama, mkeka ni mbovu. Mchana upande wa joto unafika 29, lakini usiku umeshuka hadi 14. Ndiyo sababu hali. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analipata nje. Usiku ndio wakati wake wa kula, na akiwa baridi tumbo lake haliwezi kusaga kitu. Twende tuurudishe dukani, tuwaambie walituuzia kitu kibovu."

Msomaji, nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi. Njia ilikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kusema, "Twende," tukabadilishiwa mkeka, nami nikaacha kuchomoa waya, na siri ikafa nami. Mzazi gani wa kwetu humwambia mtoto kwamba amekosa? Mimi sikumbuki baba yangu akiniomba radhi hata mara moja, na alinikosea mara nyingi tu, Mungu amrehemu.

Lakini nilimtazama kijana yule na daftari lake lenye tarehe na gramu, nikajua kwamba ametumia wiki tano kujilaumu kwa kosa langu.

"Mkeka si mbovu," nikasema. "Ni mimi. Nimekuwa nikiuchomoa kila usiku kwa ajili ya bili ya umeme. Nisamehe, mwanangu."

Alinyamaza. Nikangoja anipigie kelele. Hakunipigia. Aliketi, akafunga daftari, machozi yakaanza kumdondoka. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Mama, mimi pia sili shuleni."

Kumbe pesa zile hazikuwa haziishi kwa uangalifu wake. Ukumbi wa chakula ulikuwa na meza ndefu, na kila meza ilikuwa na wenyewe. Siku za kwanza alikaa mahali akaambiwa pana mtu. Akahama, akaambiwa vivyo hivyo. Tangu hapo, kila saa ya chakula alikuwa akienda maktabani, na huko maktabani ndiko alikosoma habari za nyoka. Mwaka mzima, msomaji wangu! Mimi muuguzi, ninayelipwa kuwaandikia wazee walichokula na walichobakiza, nilikuwa na mwenye njaa nyumbani kwangu na sikujua.

Siku hiyo nilichelewa kazini. Usiku nilipobaki peke yangu sebuleni, nilimwangalia yule nyoka wa gramu sita amejikunja juu ya mkeka wake wenye joto, nikalia hadi nikashindwa kuona.

Usiku wa kigamba cha mjusi

Tulinunua thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, ili mkeka usizidi wala usipungue. Upande mmoja wa sanduku ukawa nyuzi 28 hadi 30, upande wa pili baridi kiasi ili nyoka achague mwenyewe. Waya wake tukaufunga kwa utepe mwekundu, na mwanangu akaandika juu yake: "Mama, hapana." Tukacheka. Tukamwacha Chapati wiki nzima bila kumsumbua.

Lakini joto peke yake halikutosha. Akakataa tena. Ndipo mwanangu alipofunua ukurasa aliokuwa ameutia alama. Porini, nyoka wa mahindi akiwa mchanga hula sana mijusi midogo na vyura vya mitini. Panya huja baadaye, akishapanuka mwili. Wapo wachanga ambao hata wakiwa wamezaliwa ndani ya sanduku bado moyo wao uko kwa mijusi. Huyo hudanganywa kwa harufu.

Tulirudi dukani tukaomba gamba alilojivua mjusi. Walitupa bure, kipande chepesi kama karatasi ya kitunguu. Tukalilowesha kidogo, tukampaka pinki wetu, kisha tukamviringishia kipande kichwani kama kilemba. Tukamweka ndani ya kibakuli chenye matundu pamoja na Chapati, tukakiweka upande wa joto, tukazima taa. Mwanangu alitaka kuchungulia. Nikamwambia, "Mzee wangu wa mkate hakula nilipokuwa nikimtazama." Tukaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikaenda kwa kunyata, nikafunua. Kilemba kilikuwepo, kimeachwa kando. Pinki hakuwepo. Na katikati ya mwili ule mwembamba palikuwa na nundu, kama fundo kwenye uzi.

Nilimwamsha mwanangu kwa kupiga vigelegele. Naam, vigelegele, usiku, Uingereza, kwa ajili ya nyoka. Jirani akagonga ukuta.

Tulimwacha siku mbili bila kumgusa, maana nyoka akishikwa mara tu baada ya kula anaweza kutapika, na kutapika humdhoofisha kuliko njaa. Wiki iliyofuata tulipunguza gamba la mjusi, na iliyofuata tukapunguza tena, hadi mwezi wa tatu alipokubali pinki mtupu. Leo Chapati amepita urefu wa mita moja, anakula panya wazima, na sijui tena gramu zake ni ngapi. Nyoka wa aina yake huishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vyema, kwa hivyo huenda akawaona wajukuu wangu.

Na mwanangu? Nilikwenda shuleni tukazungumza na mwalimu wake. Yule mwalimu akamwomba aeleze darasani habari za nyoka wake. Baada ya siku hiyo, kuna wavulana wawili waliomwita mezani kwao. Bado si kasuku kama zamani, lakini "poa" sasa hufuatwa na maneno mengine.

Sikuandika haya ili ukafuge nyoka. Hapa kwetu Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini nyumbani bila leseni ya KWS, na nyoka wa vichakani mwetu si wa kuchezewa. Mjomba wangu ni shahidi. Mwanao akipenda nyoka, mpeleke akawaone katika bustani yao iliyo kando ya Makavazi ya Kitaifa, Nairobi.

Niliandika kwa sababu ya yule aliye mezani kwako ambaye sahani yake hurudi jikoni ikiwa imejaa. Huenda ni mtoto, huenda ni mama mkwe, huenda ni mume. Kabla hujamfokea kwamba chakula chako hakimpendezi, kagua kwanza kama mahali ulipomweka pana joto. Na ukigundua kwamba ni wewe uliyechomoa waya, mwambie. Mimi nilidhani ningepungukiwa heshima. Badala yake, mwanangu alinifunulia moyo wake.